Muuzaji anapokataa waranti Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vitu vilivyonunuliwa Uganda: simu, friji, televisheni, betri za sola, pikipiki, mashine za kusaga na vingine vya aina hiyo. Kiasi chote cha fedha ni shilingi za Uganda.

Kadi ya waranti imeisha muda, au sikupewa kadi kabisa. Nimeshakosa haki?

Hapana. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokata tamaa mapema, wakati kadi ni nusu tu ya habari. Haki zako zina tabaka mbili. La kwanza ni ahadi iliyoandikwa kwenye kadi au risiti: "mwaka mmoja", "miezi sita", "kompresa miaka mitano". La pili ni yale ambayo sheria yenyewe inayaingiza katika kila mauzo ya mfanyabiashara, hata kama hakuna aliyeyatamka dukani. Kadi ikiisha muda, tabaka la pili halifi nayo. Friji iliyouzwa na kasoro tangu kiwandani ilikuwa na kasoro siku uliyolipa, hata kama kasoro ilijionyesha mwezi wa kumi na tatu.

Ugumu unakuwa kwenye ushahidi. Ndani ya muda wa kadi muuzaji ameshaahidi kutengeneza au kubadilisha, kwa hiyo unaonyesha tu kwamba kitu kimeharibika na kwamba hujavunja masharti. Muda ukishapita, ni wewe wa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo.

Sheria inasema nini hasa?

Sheria kuu ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Kwa lugha nyepesi, mfanyabiashara anayekuuzia kitu katika shughuli zake anachukuliwa kuwa amekubali mambo haya: kitu ni chake na ana haki ya kukiuza, kinalingana na maelezo aliyokupa, kina ubora unaofaa kuuzwa, na kama ulimweleza kazi unayokitakia ukategemea ujuzi wake, kinafaa kwa kazi hiyo. Ulipomwambia "nataka pampu ya kuvuta maji kutoka kisima cha mita 30" akakupa inayoishia mita 8, amevunja makubaliano hata kama pampu ni mpya na inanguruma vizuri.

Kinga hii ina mipaka miwili. Kasoro uliyoonyeshwa waziwazi kabla ya kulipa huwezi kuilalamikia baadaye. Na kama ulikikagua kitu, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua, kwa mfano kioo kilichopasuka mbele ya macho yako.

Sheria pia inatenganisha sharti na dhamana, na maneno haya yanawachanganya watu. Sharti ni nguzo ya makubaliano. Likivunjwa, unaweza kukikataa kitu na kudai fedha zako. Dhamana, kwa maana ya sheria, ni jambo la pembeni. Ikivunjwa unapata fidia au punguzo la bei, lakini kitu kinabaki chako. Ubora wa kitu ni sharti. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "waranti ni kutengeneza tu, fedha hazirudi" anazungumzia kadi yake. Sheria inakwenda mbali zaidi ya hapo, mradi tu hujachelewa.

Kuchelewa ni kwa namna gani?

Haki ya kukikataa kitu ina maisha mafupi. Sheria inakuhesabu kuwa umekipokea kitu ukisema umeridhika, ukikifanyia jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelifanya (kukiuza tena, kukibadilisha muundo), au ukikaa nacho muda wa kutosha bila kusema unakikataa. Muda wa kutosha haukuandikwa kwa siku. Kwa simu ni siku au majuma machache; kwa mashine ya kusaga inayofanya kazi wakati wa mavuno tu, mahakama inaweza kuona mrefu zaidi. Baada ya hapo hupotezi kila kitu, ila unabaki na fidia badala ya kurudisha kitu.

Ushauri wetu hapa ni mkali: siku unayoona kasoro ndiyo siku ya kuandika. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa kuanzia. "Friji niliyonunua kwenu tarehe 4 haigandishi tangu jana. Naikataa, nataka mbadala au fedha zangu." Na jambo ambalo wauzaji hawapendi ulijue: ukishamjulisha muuzaji kwamba unakikataa kitu, sheria haikulazimishi wewe kukibeba hadi dukani kwake, isipokuwa mlikubaliana hivyo. Kukodi gari kutoka Koboko hadi Kampala kwa ajili ya friji mbovu si wajibu wako. Usiendelee kukitumia, basi, maana kukitumia ni sawa na kukikubali.

Risiti imepigwa muhuri "mali ikiuzwa hairudishwi". Muhuri huo una nguvu?

Mara nyingi, hauna. Makubaliano hufungwa pale unapolipa. Sharti unaloonyeshwa baada ya hapo, kwenye risiti unayokabidhiwa fedha zikiwa tayari mezani, limechelewa kuingia. Hali ni tofauti ukitia sahihi fomu ya mauzo yenye maneno hayo kabla ya kulipa. Sahihi yako inakufunga kwa mengi. Muhuri wa namna hii humzuia mtu aliyebadili mawazo tu, anayetaka kurudisha shati kwa sababu rangi haikumpendeza mkewe. Sheria haimpi huyo haki ya kurudisha, na duka likimkubalia ni kwa hisani.

Muuzaji ananituma kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza. Ni lazima niende?

Mkataba wako ni kati yako na aliyekupokea fedha. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya pili juu ya hiyo, na wewe ndiye unayechagua utumie ipi. Kwenda kwa wakala mara nyingi kuna faida: wana vipuri na fundi. Lakini muuzaji hawezi kukwepa kwa kukuelekeza huko, na ukienda, mwandikie kwanza kwamba unakwenda kwa wakala bila kuacha madai yako kwake.

Mtengenezaji mwenyewe unamfikia moja kwa moja pale kitu kilipoleta madhara: mtungi wa gesi uliolipuka, chaja iliyochoma nyumba. Hapo msingi ni uzembe, na aliyeumia anaweza kudai hata kama si yeye aliyenunua.

Muuzaji anasema: umeme wa kwenu umeiunguza, au maji yameingia, au umefungua. Nimjibu nini?

Hili ndilo jibu linalotolewa mara nyingi kuliko yote, na mara nyingine ni la kweli. Mjibu kwa ushahidi. Anayedai jambo mahakamani ndiye anayelithibitisha: wewe unathibitisha kasoro, yeye akileta hadithi ya umeme athibitishe umeme.

Televisheni. Ukisikia sauti lakini kioo ni cheusi, zima taa za chumba, mulika tochi kwenye kioo kwa karibu. Ukiona picha hafifu inatembea, taa za nyuma ndizo zilizokufa, na hilo kwa kawaida ni udhaifu wa taa zenyewe. Kishindo cha umeme, yaani umeme kupanda ghafla, huacha alama nyingine: fyuzi iliyokatika na kipande cha kinga kilichopasuka au kuwa cheusi karibu na pale waya wa umeme unapoingia kwenye bodi. Mwombe fundi wa duka aifungue mbele yako na akuonyeshe. Piga picha. Akikataa kuifungua mbele yako, andika kwamba alikataa.

Simu. Nyingi zina kibandiko cheupe kidogo ndani, mara nyingi kwenye tundu la laini, ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Kibandiko chekundu kinasema maji yaliingia. Hakisemi yaliingia lini. Kwa sababu hiyo, siku ya kununua kitazame mkiwa dukani, kipige picha, kisha bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyo kwenye boksi. Namba zikitofautiana, rudisha simu hapohapo.

Friji. Kadi nyingi hutenganisha kompresa na sehemu nyingine: kompresa miaka kadhaa, kilichobaki mwaka mmoja, na hata kwa kompresa wakati mwingine ni kifaa tu bila malipo ya fundi na gesi. Soma kabla ya kubishana. Kama umeme wa kwenu unapanda na kushuka, kifaa cha kulinda friji ni nafuu na kinakunyang'anyia muuzaji hoja yake kubwa. Na kama kweli ni mshindo wa umeme uliounguza vyombo vya nyumba nzima kwa wakati mmoja, dai lako linaelekea kwa msambazaji wa umeme, ambaye sehemu kubwa ya nchi tangu Aprili 2025 ni UEDCL, na ukikwama huko, kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA.

"Umefungua." Usifungue. Fundi wa mtaani akishavunja kibandiko cha kiwanda, kadi imekwisha, na hata tabaka la sheria linakuwa gumu kwa sababu hakuna anayejua nini kilikuwa cha kiwanda na nini cha fundi.

Betri ya sola imekufa baada ya miezi minne. Nitajuaje kama ni kasoro ya kiwanda?

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, kila moja takriban volti 2.1. Ichaji ijae, itenganishe na kila kitu, iache ipumzike saa kadhaa, ndipo upime. Betri nzima husoma takriban 12.7. Ikisoma karibu na 10.5 na haipandi hata uichaji usiku kucha, seli moja imekufa na tano zinafanya kazi. Seli moja kufa peke yake katika betri changa inaelekeza kidole kiwandani.

Kama betri ni ya kuongezwa maji, pima kila seli kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi. Seli iliyojaa husoma takriban 1.265. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.05, andika namba zote sita na upige picha. Lakini seli zote zikiwa chini kwa usawa, ujue betri ilinyonywa hadi mwisho mara nyingi, au paneli ni ndogo kuliko mzigo, au maji yalikauka. Hapo muuzaji ana haki ya kukataa, na ni bora ulijue mapema kabla ya kutumia nauli ya mahakama. Isipokuwa, tena, kama ni yeye aliyekupigia hesabu ya paneli na betri kwa mzigo uliomtajia: basi mfumo mzima haukufaa kwa kazi uliyomweleza, na dai lako limerudi.

Wamelitengeneza mara tatu na bado. Niendelee kuwapa nafasi?

Mara moja ni haki yao kwa mujibu wa kadi nyingi. Mara ya pili, kwa kasoro ileile, weka tarehe ya mwisho kwa maandishi. Mara ya tatu usiache kitu tena bila kuandika kwamba ikishindikana unadai fedha. Wauzaji wanajua kwamba kila "njoo Ijumaa" inasogeza kalenda ya waranti kuelekea mwisho.

Kila unapokiacha kitu dukani, dai karatasi ya kupokelea yenye tarehe, namba ya utambulisho wa kifaa (serial number), kasoro uliyoieleza, hali yake ya nje na vitu ulivyoacha nacho (chaja, rimoti). Bila karatasi hiyo kuna wanaorudishiwa kifaa kisicho chao.

Risiti imepotea, au imefifia haisomeki.

Risiti za karatasi laini za mashine hufifia kwa joto, wakati mwingine kabla ya waranti kuisha. Zipige picha siku ileile. Ikipotea, bado kuna njia: ujumbe wa mobile money (MTN na Airtel hutoa taarifa ya miamala ukiomba), mazungumzo ya WhatsApp kuhusu bei, boksi lenye namba ya utambulisho wa kifaa, shahidi uliyekwenda naye. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Usiufute, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi.

Jambo moja la kuangalia sana: chini ya Sheria ya Mikataba ya 2010, mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 unapaswa kuwa kwa maandishi. Habari njema ni kwamba sheria hiyohiyo inahesabu ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Kama ulinunua pikipiki kwa neno la mdomo, mwandikie muuzaji sasa hivi ukitaja bei, tarehe na aina, na umwache ajibu. "Ndiyo, lakini..." yake ni maandishi.

Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT anapaswa kukupa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, yenye msimbo wa mraba na namba ya mlipakodi. Idai hiyo. Ile ya kitabu cha kuchana inaweza kubeba jina lolote; ya EFRIS imemfunga muuzaji kwa jina lake la kodi.

Barua ya madai iwe na nini?

Ukurasa mmoja. Usimtukane mtu, usitishie jela. Kiini chake kiwe hivi:

*"Kwa Meneja. Tarehe 12 Machi nilinunua kwenu friji, namba ya utambulisho kama ilivyo kwenye risiti niliyoambatanisha, kwa shilingi 1,450,000. Tarehe 2 Aprili iliacha kugandisha. Niliwajulisha siku hiyohiyo kwa ujumbe. Mliichukua tarehe 5 Aprili, mkairudisha tarehe 19 ikiwa na kasoro ileile. Friji haina ubora unaofaa kuuzwa, nami naikataa. Nadai shilingi 1,450,000 za bei na 60,000 za usafiri, risiti zimeambatanishwa. Msipolipa ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, nitafungua madai mahakamani bila taarifa nyingine."*

Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wapige muhuri au watie sahihi na tarehe. Wakikataa kutia sahihi, nenda na mtu mzima mmoja, aandike nyuma ya nakala jina lake, saa, na aliyemkuta kaunta. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, kwa hiyo kama una mtu wa kukusaidia iandike kwa Kiingereza; si kosa kuiandika kwa Kiswahili, ila utahitaji tafsiri baadaye.

Nimshtaki nani? Duka lina jina la kupendeza tu ukutani.

Hapa ndipo madai mazuri yanapoanguka. Jina la ukutani si mtu. Huenda ni jina la biashara la mtu mmoja, huenda ni kampuni yenye jina jingine kabisa. Angalia risiti ya EFRIS, leseni ya biashara ambayo inapaswa kuwa imetundikwa dukani, kisha fanya upekuzi wa jina URSB, ofisi ya usajili wa biashara. Ukishtaki jina lisilokuwepo unaweza kushinda hukumu isiyoweza kukamata hata kiti.

Kama duka limehama usiku, kama inavyotokea kwenye arkedi (majengo ya maduka mengi) za katikati ya Kampala, msimamizi wa arkedi ana jina la mpangaji. Muulize kwa upole, wengi husema.

Mahakama ya madai madogo inafanyaje kazi?

Kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa karibu kila mtu. Iliwekwa na kanuni za 2011, huendeshwa na hakimu katika mahakama za kawaida, na mawakili hawaruhusiwi kumsimamia yeyote. Muuzaji mkubwa mwenye wakili wa gharama anakuja mwenyewe, au anamtuma mfanyakazi wake, anakaa kiti sawa na chako.

Unaanza na notisi ya madai ya siku 14 kwa fomu inayopatikana mahakamani. Usiruke hatua hii hata kama ulishaandika barua, mwulize karani kama barua yako inatosha au ujaze fomu. Siku zikipita, unajaza fomu ya dai, unalipa ada ndogo na kupewa risiti ya serikali, kisha wito unapelekwa kwa muuzaji. Nenda mahakama ya eneo anakokaa au kufanya biashara muuzaji, au mauzo yalikofanyika. Siku ya kusikilizwa hakimu atajaribu kwanza kuwapatanisha. Njoo na kifaa chenyewe kama kinabebeka, karatasi zote kwa mpangilio wa tarehe na nakala tatu, na fundi wako.

Kuhusu fundi: karatasi isiyo na mtu wa kuisimamia ni dhaifu. Ripoti yake itaje jina na ujuzi wake, tarehe, namba ya utambulisho wa kifaa, alichopima na namba alizopata, na maoni yake kuhusu chanzo. "Imekufa" si ripoti.

Dai lako likiwa milioni 11, unaweza kuacha milioni moja ili uingie hapa, lakini uliyoiacha huidai tena. Utaratibu huu haupokei madai dhidi ya serikali, ya kifamilia wala ya kashfa.

LC1 je?

Mahakama ya LC1, yaani ya baraza la kijiji, ina mamlaka juu ya madeni na mikataba isiyozidi shilingi 2,000,000. Uzuri wake ni lugha: inasikiliza kwa lugha ya watu wa mahali, na kwa msomaji wa Kiswahili wa Bweyale au Arua hilo ni jambo kubwa. Inafaa kama muuzaji ni mtu wa kijiji au mji uleule na anajali jina lake. Kwa kampuni ya Kampala, haina msaada.

Dai langu ni kubwa kuliko milioni 10.

Hakimu wa Daraja la Kwanza anasikiliza hadi milioni 20, Hakimu Mkuu hadi milioni 50, juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Hapa tafuta wakili. Usipoweza kumlipa, uliza Justice Centres Uganda, mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, au kliniki ya msaada wa kisheria ya chuo cha sheria, Law Development Centre.

Kwa nini nisiende tu polisi?

Polisi wanahusika na uhalifu: muuzaji aliyekuuzia simu bandia akijua ni bandia, au aliyechukua fedha kwa bidhaa asiyokuwa nayo. Hapo ripoti, ni kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini friji halali iliyoharibika ni mgogoro wa mkataba. Polisi hawana mamlaka ya kuamuru urudishiwe fedha, na kumfungisha mtu ili alipe kunaweza kukugeukia. Ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, inaweza kuwaita na kuwasuluhisha. Ni msaada mzuri wilayani, ila maneno yao si hukumu. Wala usichukue kitu dukani kwake "kama rehani". Hilo linakufanya wewe mshtakiwa.

UNBS na UCC wanasaidia nini?

Uganda bado haina sheria moja inayojitegemea ya kumlinda mlaji, wala baraza lake, kwa hiyo kila taasisi inashika kipande chake. UNBS, shirika la viwango la taifa, inashughulikia bidhaa zisizofikia viwango: nyaya nyembamba kuliko zilivyoandikwa, betri zenye uwezo wa uongo, soketi zinazoyeyuka. Laini yao ya bure ni 0800 133 133. Wanaweza kukamata bidhaa sokoni. Hawakurudishii fedha, lakini matokeo yao ya kipimo ni ushahidi mzito mahakamani. UCC, tume ya mawasiliano, 0800 222 777, ni kwa kampuni za simu na huduma za mawasiliano.

Nilinunua mtandaoni.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tuliyoitaja inamtaka muuzaji wa mtandaoni aonyeshe jina lake kamili, mahali alipo, namba ya simu na masharti ya kurudisha, na inampa mnunuzi nafasi ya kufuta ununuzi ndani ya siku chache baada ya kupokea bidhaa. Siku hizo zinapita haraka. Andika ujumbe wa kufuta siku uliyopokea. Ukurasa usio na anwani ya mahali, lipa baada ya kuona bidhaa au usilipe kabisa. Kwa anayeleta bidhaa mlangoni, fungua boksi yeye akiwa bado amesimama, ukirekodi video.

Kitu kilichotumika, kama simu za "UK used" au vipuri vya soko la Kiseka, Kampala?

Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika bado anabanwa na sheria, ila ubora unapimwa kwa umri na bei. Simu ya miaka mitatu kupoteza chaji haraka ni kawaida. Kujizima siku ya pili si kawaida. Ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, hana wajibu wa ubora. Bado unaweza kumdai kama alikudanganya au kitu hakilingani na alivyokieleza.

Nilinunua Busia upande wa Kenya.

Unamdai kule. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 na mahakama yao ya madai madogo hupokea hadi shilingi 1,000,000 za Kenya. Kabla ya kununua ng'ambo uliza kama waranti inavuka mpaka; nyingi hazivuki.

Nalipa kwa awamu. Niache kulipa hadi watengeneze?

Hapana, si bila ushauri. Ukiacha kulipa, wanakimbilia kuchukua pikipiki na mjadala wa kasoro unazikwa. Endelea kulipa ukiandika kila mara kwamba unalipa huku ukipinga, na ufungue madai.

Nidai kiasi gani?

Bei, gharama ulizotumia na una risiti zake, na hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro na ambayo muuzaji angeweza kuiona mbele: samaki waliooza ndani ya friji uliyomwambia ni ya biashara ya samaki. Andika kilo na bei ya siku hiyo. Mahakama inaweza kuongeza riba na gharama. Usitie namba za hasira. Zinamfanya hakimu azitilie shaka hata zile za kweli.

Nina muda gani?

Miaka sita kwa madai ya mkataba. Lakini mashahidi huhama, maduka hufungwa, na mafundi husahau. Fungua ndani ya miezi.

Nimeshinda, na bado halipi.

Rudi mahakamani uombe utekelezaji. Hakimu anaweza kuruhusu alipe kwa awamu, kuamuru fedha zilizoko kwenye akaunti yake zishikwe, au kumtuma bailifu, ofisa wa kutekeleza hukumu, akamate mali za duka. Ndiyo maana ulipokuwa bado mteja mzuri ulitakiwa kuhifadhi ile risiti yenye jina lake halisi, na namba ya akaunti au ya mobile money uliyomlipia.